Mashine ya Kunyolea

Kinyozi alimnyoa mkewe kwa mikono yake, siku nywele zilipoanza kudondoka kwa sababu ya dawa za saratani. Alimketisha kwenye kiti cha wateja, akaipangusa mashine kwa spiriti harakaharaka kama afanyavyo kwa kila mtu, akakipitia kichwa kizima.

"Usiniondolee na masikio, mume wangu," mkewe alimtania. "Ndiyo yaliyobaki."

Wiki ya pili kichwa kilijaa mabaka ya mviringo yanayotoa usaha. Daktari alisema ni fangasi. Mtu mwenye kinga yake angemeza vidonge akaendelea na shughuli zake, lakini kwa huyu, ambaye dawa zilikuwa zimemshusha kinga, fangasi walikuwa wamezama ndani ya ngozi. Dawa za saratani zingesimama mpaka apone, pengine miezi miwili.

"Na uvimbe utasubiri?" kinyozi aliuliza.

Daktari alifunua faili. "Mama, ulinyolewa wapi?"

"Nilijinyoa mwenyewe," mke aliharakisha kusema. "Kwa wembe wa jirani."

Kinyozi alitikisa kichwa. "Ni mimi, daktari. Asubuhi ile nilinyoa watoto wawili wenye mapunye, halafu mashine ileile nikampitishia mke wangu."

Mkewe alifumba macho. "Nilijua tangu baka la kwanza," alisema taratibu. "Nilitaka nife na siri hiyo, wewe usijue. Sasa utaishi vipi, baba watoto?"

Akaegemeza kichwa begani kwa mumewe. Kinyozi aliinua mkono, lakini hakuthubutu kumgusa.