Rukaya na Mkwe wa Ngazija

Wewe unayelea binti, sikiliza yaliyompata Mwanaamina wa Ibighi. Kama utacheka, cheka. Lakini ukishamaliza kucheka, kaa na hao wanaokuja kukuposea mtoto, uwaulize kwao wanaishije, na wewe uwaambie kwenu mnaishije. Usiseme wanajua. Hawajui.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, maduka yamejaa vitu na wageni wa kila namna wanapanda Tukuyu kutafuta maharage na ndizi. Kati yao alikuwamo Swalihi, kijana wa Kingazija aliyekuwa akinunua mchele Kyela na kuupeleka kwao kisiwani. Kijana mpole, baridi ya Tukuyu ikimkunja kama kuku aliyenyeshewa. Magunia yake yalishonwa na Ali, mume wa Mwanaamina, fundi cherehani pale sokoni. Magunia yakishakwisha kushonwa Swalihi haondoki. Anakaa kwenye benchi anasimulia, na Rukaya, binti wa Ali, anakata nyuzi huku masikio yote yako huko.

Jioni binti akifika nyumbani, mama yake hapumui.

"Mama, kule kuna mlima wa moto unaitwa Karthala. Ukinguruma, watu wanakusanyika kuomba dua."

"Kwani huu Rungwe si mlima?"

"Huu umelala, mama. Ule uko macho."

Kesho yake ni ziwa la chumvi kando ya bahari, ambalo wazee wa kule wanasema chini yake kimelala kijiji kizima. Keshokutwa ni msikiti ambao, kwa masimulizi yao, watu waliamka wakaukuta umesimama na hakuna fundi aliyeujenga. Ni maua ya langilangi, yanachumwa alfajiri kwa ajili ya manukato, na upepo unaingia nayo mpaka jikoni.

"Halafu mama, nyumba ni ya mwanamke! Mwanamume ndiye anayehamia."

"Mh! Na wewe yako utaijengea nini, manyoya?"

Walicheka, lakini Mwanaamina moyo ulikuwa juu. Bahari hakuwahi kuiona. Ziwa Nyasa lenyewe aliliona mara moja akaumwa kichwa. Hata hivyo, Swalihi alipoleta posa, Ali akakubali, na yeye alipoutazama uso wa mwanawe hakupata pa kukatalia. Ikabaki baba wa kijana kuja mwenyewe amwone binti, asikie kauli yake, ndipo ndoa ifungwe na Rukaya asafiri.

Sasa hapo shika vizuri. Kwetu Wanyakyusa, binti akishachumbiwa, baba mkwe hamwoni tena. Akisikia kikohozi chake anapita nyuma ya migomba. Wakikutana njiani anajifunika kanga na kujitupa porini. Jina lake halitaji. Nyumba ya Ali ilikuwa ya Kiislamu, swala tano, lakini desturi hiyo walikuwa nayo kama majirani zao Wakristo. Na kadiri binti anavyokimbia kwa kasi ndivyo mama yake anavyosifiwa.

Baba huyo, Mzee Mmadi, akafika peke yake, maana Swalihi alibaki Dar es Salaam kusubiri chombo. Mtu mrefu, kofia ya kudariziwa, Kiswahili chake cha taratibu alichokiokota Unguja ujanani. Mwanaamina alimpokea barazani, akampa ndizi za nazi na chai. Rukaya alikuwa jikoni, nyuma ya ukuta wa mianzi, ameshika mwiko haupiki kitu.

Mzee alisimulia! Aliwaeleza jinsi wingu linavyokaa kifuani mwa Karthala, jinsi mabibi wanavyokwenda ziara kwenye makaburi ya mashehe na ubani, jinsi mgeni anavyopokewa kwa nyimbo tangu mlangoni. Kisha akasema, "Kwetu binti hajengewi na mume. Huyu hana mama kule wa kumjengea. Basi dada yangu amesema atampa chumba kizuri katika nyumba yake, dirisha linatazama mlima. Nilitaka nimwambie mwenyewe, nione kama ataridhika."

Nyuma ya mianzi Rukaya alikuwa ameziba mdomo kwa kanga, machozi ya furaha yanamtoka.

"Ataridhika sana," Mwanaamina alisema.

"Namwona lini?"

Ali akacheka kwa sauti, akapiga goti lake. "Aa, mzee wangu! Huyo humwoni! Utakaa hapa mpaka mahindi yakomae, humwoni!"

Alikuwa anajisifia malezi. Mzee Mmadi alitabasamu kidogo, akatazama chai yake.

"Hata sauti?"

"Sauti ndiyo kabisa. Wewe niulize mimi, mimi ndiye ninayemsemea."

Kwa nini Mwanaamina hakusema neno moja tu, kwamba ni heshima? Hakusema kwa sababu haikumwingia akilini kwamba yuko mtu chini ya jua asiyejua mkwe hutazamwa vipi. Ni sawa na kumweleza mgeni kwamba mlango ndio wa kuingilia.

Siku iliyofuata Ali alimpeleka mgeni kuona Daraja la Mungu, pale mwamba wenyewe ulipojilaza juu ya mto Kiwira. Mzee alisimama pale akasema Mwenyezi Mungu ni fundi kila mahali. Wakati wa kurudi, walishuka garini Kyimo kunyoosha miguu. Na nani anakuja mbele yao na mkungu wa ndizi kichwani? Rukaya, ametoka shambani kwa bibi yake.

Mzee alimtambua kwa picha aliyopewa na mwanawe. Akanyoosha mikono yote miwili, uso umemfunguka. "Mwanangu Rukaya!"

Rukaya aliutupa mkungu chini. Kanga usoni, akaingia kwenye shamba la chai akikimbia kama anayefukuzwa na nyuki, mpaka viatu vikabaki barabarani.

"Umeona?" Ali alisema, kifua mbele. "Umeona mwenyewe?"

"Nimeona," mzee akasema.

Nyumbani jirani yao Esnath alikwisha kusikia. "Ndaga fijo, asante sana, Mama Rukaya! Umelea! Wanasema amepita kwenye chai kama gari la mkaa!" Wakapiga vigelegele wawili. Mzee Mmadi alivisikia kutoka chumba cha wageni, akafunga mzigo wake. Asubuhi aliaga kwa adabu, akamshika Ali mkono, akapanda basi la Mbeya. Wao wakaanza kuandaa ndoa.

Walingoja. Mvua zikaja, zikapungua. Kisha dereva wa lori la mchele akaleta salamu kwa mdomo: Mzee Mmadi amemwona binti anamkimbia, na baba yake amesema wazi hataonekana. Hawezi kumvusha mtoto wa watu bahari kwa machozi. Swalihi ametii.

"Anamkimbia?" Mwanaamina aliuliza. "Sasa alitaka amsimamie mbele, kama mhuni?"

Ndipo ilipomwingia. Alikaa chini palepale kwenye majani ya migomba. Ali akaenda Dar es Salaam kuwatafuta, akakuta wamekwishasafiri. Akaacha maelezo yote kwa Wangazija wenzao, moja baada ya jingine, naye alirudi amenyong'onyea.

Jibu lilichukua muda mrefu. Lilipofika, Swalihi alikuwa amehamia katika nyumba ya mwanamke wa kwao. Mzee Mmadi alituma maneno haya tu: "Mbona hamkuniambia? Ningegeuka kutazama mgombani, naye akaniambia ndiyo nikiwa nimempa kisogo."

Rukaya alisikiliza mpaka mwisho. "Kisogo, mama," alisema polepole. "Kisogo kingetosha."

Miezi ilipita. Akaja mposaji kutoka Igogwe, karibu tu, kwa miguu unafika, watu wanaojua desturi kama sisi. Mwanaamina, ambaye usiku na mchana alikuwa akiomba mwanawe asiende mbali, sasa alimpikia binti, akamkalisha, akamwambia habari za huko: wana migomba mizuri, hospitali iko jirani, mama mkwe ni mtu wa watu.

"Sawa," Rukaya alisema.

"Huulizi kitu? Nyumba ikoje? Maji wanachota wapi?"

"Mlivyoona ninyi ni sawa, mama."

Akaendelea kumenya ndizi. Mwanaamina akabaki anamtazama mdomo, akitamani amsikie akiuliza hata jina la kilima kimoja cha Igogwe.