Pumzi ya Benchi la Kushoto

Kanisani kwetu Sainte-Aurence nyimbo za Kilatini hazikuwa za mtu mmoja. Benchi la kulia lilitoa nusu ya mstari, wote tukatulia kwa urefu wa pumzi moja, kisha benchi la kushoto likamalizia. Aliyeanza hajimalizii. Mimi Barthélemy, fundi wa mapaa ya mawe, nilisimama kulia miaka arobaini. Kilatini nilikishika kwa sikio tu, shule niliiacha mapema. Mke wangu Léontine alisimama kushoto tangu vita, wanaume wa benchi lile walipokuwa mateka Ujerumani. Waliporudi, wanawake hawakubanduka.

Alipougua aliniomba jambo moja tu, atolewe kanisani kwa wimbo wa kale wa kusindikiza maiti, mpaka mwisho wake. Nikamwahidi.

Lakini Padri Vidalenc alikuwa ameshatusomea amri ya wakubwa wake kwamba Kilatini basi. Amri za watu ambao hawajawahi kubeba jeneza kwenye theluji. Siku ya mazishi, jeneza lilipofika mlangoni, nilianza hivyo hivyo. Nikatoa nusu yangu. Tukatulia. Katika kimya kile Padri akainua mkono, kinanda kikalia, ukaja wimbo wa Kifaransa wa kwenye karatasi mpya. Benchi la kushoto likafunga mdomo. Léontine akatolewa na mstari uliokatwa katikati.

Wiki iliyofuata nilikwenda asubuhi kuchukua mto wake wa kukalia. Kanisa lilikuwa tupu. Nikasikia mtu akivuta pumzi upande wa kushoto, pumzi ndefu ya mwimbaji, na mwishoni ile kwikwi ndogo aliyobaki nayo Léontine baada ya nimonia. Ilivutwa. Haikutoka. Kesho yake tena, na keshokutwa.

Katika benchi la kushoto, aliyebaki anayeijua sehemu yao yote mpaka mwisho ni Gaspard, muuza jibini. Nilimkuta akigeuza jibini zake, nikamweleza. Akasema Padri atamsema mbele ya watu. Kisha akanichoma.

"Wewe Barthélemy, akiwa hai alikuwa akikuita mara tatu huitiki. Leo unasikia hata akivuta pumzi?"

"Yuko mlangoni, Gaspard. Wamemzuia mlangoni kama ombaomba."

Akafuta mikono, akachukua koti.

Tuliingia adhuhuri. Akasimama kushoto, mimi kulia.

"Haya, anza," alisema, "kabla Baba Padri hajamaliza supu yake."

Nikafungua mdomo. Pumzi ikavutwa, pale pale ubavuni mwake. Gaspard alikuwa amefumba midomo, uso umemwisha damu. Naye alisikia. Akanitazama, akasema taratibu:

"Anza, ndugu yangu. Amechoka."

Nilichotakiwa kutoa ni nusu ya mstari, yeye amalizie, aende zake. Nikaifikiria nyumba, kiti chake, sufuria moja ya supu ya kabichi. Nikamwambia Gaspard koo limenikauka, tutakuja kesho.

Hiyo ilikuwa kabla ya theluji. Sasa tumo katika Kwaresima, na Gaspard hanisalimii. Kila asubuhi nakwenda, nakaa benchi langu la kulia, nangoja mpaka nimsikie akivuta pumzi. Halafu nasema kwa sauti, ili naye kule kushoto asikie, kwamba Padri Vidalenc ndiye atakayelijibu jambo hili mbele ya Mungu.