Neville Alipotunyima Ruhusa

Siku kumi na mbili Titilia alikuwa akifanya mazoezi ya hotuba moja. Aliifanya kwenye korido za hoteli, aliifanya akipiga mswaki, aliifanya kwenye kiti cha nyuma cha basi huku New Zealand na kondoo wake ikipita dirishani. Sisi wenzake kumi na watatu, wanawake wa kanisa moja kutoka Fiji, tulikuwa tumeshaijua kwa moyo, na tukimwona anafumba macho tulihamia viti vya mbele.

Chanzo ni shemeji yake Apenisa, msemaji wa kijiji chetu. Asubuhi tunaondoka alitutazama na mabegi yetu akacheka mpaka akashika ukuta. "Wanawake watupu," akasema. "Mtakula, mtapiga picha, halafu mtatoka kwenye nchi ya watu kama mbuzi wanaotoka zizini. Nani atawaombea ruhusa?" Kwetu mgeni haondoki hivi hivi. Anakaa chini mbele ya mwenyeji, anaweka mizizi ya kava, mmea wa kinywaji chetu cha heshima, anaomba radhi kwa makosa aliyoyafanya, anaomba ruhusa ya kwenda, na mwenyeji anampa. Ni kazi ya wanaume, na Apenisa anaifanya kwa madaha kweli. Titilia akamjibu mbele ya watu kwamba safari hii ataifanya yeye, na akiivuruga atamfulia Apenisa nguo zake zote mpaka Krismasi. Apenisa ana watoto wa kiume saba, na wote wanacheza raga.

Mimi ninaitwa Unaisi. Titilia ni rafiki yangu tangu shule ya msingi na pia ni mtani wangu, yeye mtu wa milimani, mimi wa visiwani. Kwa utani wa mababu zetu naweza kuchukua kitu chake chochote na yeye haruhusiwi kununa. Siku ya pili ya safari alinunua koti la zambarau lenye manyoya shingoni. Nililivaa kabla hajatoa lebo. Alicheka, lakini kwa meno tu. Sikulivua tena, hata siku zile za jua.

Mwenyeji wetu alikuwa nani? Hoteli zilibadilika kila usiku. Tukakubaliana kwamba ni Neville, dereva wa basi, Mzungu mwembamba wa kusini mwenye masharubu ya kijivu na maneno machache. Siku tulipofika tulimkabidhi mizizi ya kava ya kupiga hodi. Alidhani ni maua yaliyokauka, akayasimamisha mbele ya usukani kwa siku zote kumi na mbili.

Basi siku ya mwisho, saa tano asubuhi, tukashushwa mbele ya uwanja wa ndege wa Auckland, mahali ambapo basi linaruhusiwa kusimama dakika kumi. Dirisha la kukabidhi mizigo lingefungwa saa sita. Titilia akatandika mkeka juu ya lami. Tukakaa. Neville tukamkalisha upande wa pili, magoti yake yakiwa juu karibu na masikio.

Na Titilia akasema. Nawaambia ukweli, nilisisimkwa na mwili. Alishika mizizi kwa mikono miwili, sauti ikatoka chini kabisa, akamshukuru Neville kwa barabara, kwa milima, kwa kutusubiri kila tulipochelewa chooni. Akaomba radhi kwa nyimbo zetu za alfajiri. Akaomba ruhusa turudi kwetu. Tukapiga makofi yetu mazito ya viganja vilivyokunjwa, watu wenye masanduku ya magurudumu wakasimama kutazama, na tukamngoja Neville ajibu.

Neville akakohoa. "Hapana," akasema. "Sitoi ruhusa. Mnabaki."

Akatabasamu chini ya masharubu. Alitabasamu peke yake.

"Amekataa," Titilia akaninong'oneza. Alikuwa amebadilika rangi.

"Anakutania huyo."

"Huyu si mtani wangu. Mtani wangu ni wewe, na unanitosha."

"Basi mwambie aseme tena."

"Neno limesemwa mbele ya mizizi, Unaisi. Unataka nimfundishe mwenyeji wangu kusema? Mimi sipandi ndege. Nendeni nyie mbuzi."

Neville aliona nyuso zetu, tabasamu likamtoka. "Nimekosea nini? Haya, ndiyo. Ndiyo, nendeni, mtaachwa na ndege."

"Umeshasema hapana," Titilia akamwambia kwa upole wa kutisha, akakunja miguu vizuri zaidi.

Hapo ndipo alipokuja askari wa maegesho na kijitabu chake cha faini, Mtonga wa visiwa jirani na vyetu, mwenye mwili wa kabati. Tukajua tumekwisha. Aliutazama mkeka, akaitazama mizizi, akavua kofia akakaa chini nyuma kabisa. "Samahani, mama zangu," akasema. "Sikujua mko kwenye shughuli."

Wa kwanza kucheka alikuwa mke wa mchungaji. Alijaribu kukizuia kicheko kwa leso, kikatokea puani. Kikamwambukiza wa pembeni, na wa pembeni yake, mpaka mkeka mzima ukawa unatikisika, wanawake watu wazima wakiwa wameinamisha vichwa kama watoto kanisani. Titilia tu ndiye hakucheka. Machozi yalikuwa yanamlenga, na mimi nilijua haoni ndege wala Auckland, anaona kamba ya nguo za Apenisa na Apenisa mwenyewe amekaa kivulini akimhesabia soksi.

Nilimhurumia kweli. Kumpokonya mtani koti ni raha, lakini kumwona amelowa macho mbele ya watu si raha hata kidogo. Nikawaza. Halafu nikainuka na koti langu la zambarau, nikavuka mkeka, nikakaa kando ya Neville.

"Kuna hitilafu," nikasema kwa sauti ya kikao. "Lini mwenyeji mkubwa akajisemea mwenyewe? Husemewa na msemaji wake. Huyu hakuwa na msemaji, kwa hiyo alichosema si jibu, ni kikohozi. Sasa msemaji wake ni mimi."

Titilia akainua kichwa. Akalipima lile neno, akaona halina tundu. "Mwenyeji ajibu basi," akasema.

Nikamwinamia Neville. "Unataka niseme nini? Upesi, ni saa sita kasoro robo."

Neville akaniinamia. "Miaka kumi na tisa naendesha watalii," akaninong'oneza. "Wakishuka wanaangalia mabegi yao. Hakuna aliyewahi kuniomba ruhusa. Nilisema hapana kwa mzaha, halafu nikaona kweli sitaki mwende."

"Hayo yote?"

"Fupisha."

Sikufupisha. Niliyasema yote kama alivyoyasema, nikaongeza milima na mito, kisha nikasema kwamba mwenyeji anapokea mizizi, anasamehe nyimbo, na anawaruhusu wageni wake waende salama. Neville aliigusa mizizi kama nilivyomwonyesha, akapiga makofi, moja likakosa kiganja. Mtonga akasema "Vizuri" kutoka nyuma. Titilia alikuwa anang'aa. Nikajiona mjanja kuliko wasemaji wote wa visiwani, nikanyanyuka na kushika sanduku langu.

"Unakwenda wapi?" Titilia akauliza.

"Kwenye ndege, unakwenda wapi wewe?"

"Sisi wageni tumeomba ruhusa, tumepewa. Wewe uko upande wa mwenyeji. Nani amekuombea?"

"Titilia, acha hizo."

"Unanuna?"

Siwezi kununa. Wote walikuwa wananitazama, mke wa mchungaji akiwa ameshajiandaa na leso. Nikarudi kukaa.

"Na mkono mtupu haufai," Titilia akaendelea, akiangalia mawingu. "Mizizi imekwisha. Mtu angetoa labda kitu alichokuwa nacho mwilini."

Nikalivua lile koti. Nikaliweka mbele ya Neville, nikaomba radhi zangu, nikaomba ruhusa. Neville safari hii hakuhitaji msemaji wala mwalimu. Aliligusa, akapiga makofi, yote mawili yakalia. Kisha akamtazama Titilia, ambaye mikono yake ilikuwa tayari imenyooshwa, akampa.

"Nenda, Unaisi," akaniambia. "Sasa nenda kweli."

Tulikimbia kumi na wanne, Mtonga akibeba masanduku matatu. Ndani ya ndege Titilia alijifunika koti mpaka kidevuni, akanigeukia.

"Kijijini nitasimulia mimi," akasema. "Wewe utaitikia."

Juu ya kichwa changu kitundu cha hewa kilikuwa kimekwama wazi. Nilitetemeka hadi tukatua Nadi, kwetu Fiji, nikitabasamu njia nzima.