Aliyewachora Kware

Kiti cha kwanza tulikikuta pembeni mwa mto Platte, kimeegeshwa kwenye nyasi kana kwamba mwenyewe ameingia ndani kidogo kuchukua kikombe. Kilikuwa kiti cha kubembea, kizuri, na mgongoni kimechorwa kware wa buluu. Nikaruka kutoka kwenye gari letu la maksai.

"Permelia!" mume wangu aliita. "Usiniletee hicho. Maksai hawa si treni."

"Nakiangalia tu, Asahel."

"Macho yako yana uzito kuliko mikono yako."

Njia nzima ya kwenda Oregon ilikuwa imejaa vitu vya watu. Majiko ya chuma, makabati, vitabu, hata kinanda kimoja kilichonyeshewa mpaka kikavimba. Maksai wakichoka, watu walimwaga mizigo. Hilo halikunishangaza. Lakini siku chache baada ya kiti, nikakuta kinu cha kusukia siagi, na ubavuni kware yule yule, amegeuza shingo kama aliyeitwa. Kisha sanduku la unga, halina mfuniko, lina kware wawili. Mkono ulikuwa mmoja. Kulikuwa na familia mbele yetu, na mmoja wao alijua kuchora.

Bibi Thankful Pruitt, mjane aliyesafiri kwenye gari la nyuma yetu, ndiye pekee aliyenisikiliza.

"Ni mwanamke," nilimwambia tukiokota mavi makavu ya nyati ya kuwashia moto. "Kijana. Kwao wana shamba la ngano, ndiyo maana anawajua kware."

"Na mumewe ni mjinga," alisema Bibi Thankful. "Nani hutupa kinu cha siagi akabaki na mke?"

Tukacheka mpaka Asahel akageuka kututazama. Basi kila jioni bibi akawa ananiuliza, "Haya, kware wako leo wametaga nini?"

Karibu na milima tukakuta kitanda cha kubembezea mtoto mchanga. Kipya kabisa. Kware walikizunguka pande zote, mama mbele na vifaranga nyuma, na shuka ilikuwa imekunjwa vizuri ndani yake. Bibi Thankful hakutania. Njia ile ilikuwa na makaburi mengi, mengine ya watoto. Kipindupindu kilikuwa kimepita kabla yetu. Nikazunguka pale nikitafuta udongo uliochimbwa upya. Sikuona.

"Twende, mwanangu," bibi alisema. "Mambo mengine hayataki kujulikana."

Lakini mimi nilitaka kujua. Nilimuuliza kila mtu tuliyekutana naye: wawindaji, mwenye kivuko, hata askari mmoja mlevi aliyeniapia kwamba kware haruki. Hakuna aliyewaona.

Jibu nililipata mto Snake, kwenye maporomoko, ambako Washoshoni, wenyeji wa nchi ile, walikuwa wakivua. Wanawake wao walikuja magarini na samaki wekundu wakubwa, wakitaka nguo na sindano. Mmoja wao, wa rika langu, alikuwa amepanga samaki juu ya ubao wa buluu. Nikausogelea. Haukuwa ubao. Ulikuwa mfuniko wa sanduku la unga, na kware yuko chini ya mkia wa samaki.

"Umeupata wapi huu?" nikamuuliza kwa mikono na mdomo.

Lugha yetu alikuwa ameipata kwa wafanyabiashara wa ngome, akaizungumza kwa kuchagua maneno. "Mwanamume mkubwa. Nywele nyekundu. Kanipa, nikampa samaki."

"Na mkewe? Na mtoto?" Nikaweka mikono kama anayebembeleza. "Mtoto amekufa?"

Alinitazama, halafu akacheka. Akainua mkono mmoja, ukabembeleza. Akainua na wa pili, ukabembeleza pia.

"Wawili?"

"Wawili. Wanalia kama mbweha. Kitanda kidogo." Akanionyesha jinsi walivyotundika blanketi ndani ya gari, na watoto wakalala humo kama samaki kwenye wavu.

Nikaketi chini palepale kwenye vumbi nikicheka huku machozi yananitoka. Nilipopata pumzi nikamwambia naitwa Permelia, na yeye je?

"Jina langu si la kuuza," alisema. "Samaki ndio wa kuuza."

Nikampa shati la Asahel, akanipa samaki wawili, lakini hakuondoka. Alitazama njia tuliyojia, ambako vumbi la magari mengine lilikuwa likipanda.

"Na mimi nauliza," alisema. "Huko kwenu kumebaki mtu?"

"Wamebaki. Wengi kuliko hawa."

Hilo halikumpendeza. "Kuna njaa?"

"Hapana. Mume wangu anatafuta ardhi."

"Kwenu hakuna ardhi?"

"Ipo. Ina wenyewe."

"Na hii?" aliuliza.

Asahel aliita, magari yanaondoka. Yule mama akabeba samaki wake, akanyanyua na ule mfuniko, akateremka mtoni bila kugeuka.

Wenye kware tuliwafikia kwenye bonde la Grande Ronde, wamevunjikiwa gurudumu. Niliwajua kwa kelele za watoto. Mke aliitwa Drusilla Bascom, na nikamkumbatia kabla hajanijua.

"Wewe ndiye mchoraji!" nikamwambia.

"Mimi? Hata mstari sijui kunyoosha." Akaelekeza kidevu chini ya gari. Akatoka mumewe Orrin, mhunzi, mikono kama mapaja ya nguruwe, masikio yamewiva kwa haya. Wakati wa kumposa Drusilla, maneno yalimkwama, akamchorea kware mlangoni kwao. Hakuacha tena.

"Na kwenu mlikuwa na ngano?" niliuliza, angalau moja liwe sawa.

"Tulikuwa na matope," alisema Drusilla.

Bibi Thankful alifurahia jibu hilo mpaka bonde la Willamette, mwisho wa safari yetu.

Huko Asahel alipigilia vigingi vya shamba lake, na Orrin akajenga karibu nasi. Majira ya kwanza ya kuchipua, wanawake wa Kikalapuya, wenyeji wa bonde hilo, walikuja na vijiti, wakachimba viazi vya porini vyenye maua ya buluu katikati ya shamba letu.

"Waambie watoke," alisema Asahel.

"Waambie wewe. Wamefika kabla yako."

Hakuwaambia. Kila mwaka walikuja. Walichimba tanuri ardhini, wakavifunika viazi humo, tukapeana mikate na viazi, nikawauliza majina ya watoto wao, na ya ndege, na ya mlima. Halafu mwaka mmoja hawakuja. Nilipita nyumba kwa nyumba nikiuliza. Niliambiwa tu kwamba serikali imewahamishia upande wa pili wa milima, na kwamba sasa Asahel anaweza kulima hadi mtoni.

Nilitoka na jembe kabla hajaanza, nikachimba viazi ndoo nzima. Nikavipika saa nzima, vikabaki vigumu. Nikaongeza kuni. Bado. Nilikuwa nimewauliza mambo mengi wale wanawake, lakini si muda wa viazi kukaa motoni.