Muhuri Haujafika

Dume la ng'ombe la Lusia lilikuwa limening'inia machinjioni tangu alfajiri, limechunwa, limepasuliwa, maini na mapafu yamewekwa kando kama sheria inavyotaka, na mkaguzi wa nyama hajatokea. Lusia alifukuza nzi kwa khanga, akazunguka upande wa pili, akawafukuza tena. Nzi wa machimboni hawana haya! Bila muhuri wa bluu nyama haitoki pale hata robo kilo, na mtaji wake wote ulikuwa kwenye ndoano zile. Ukiharibika leo, hana pesa ya kurudi mnadani kununua ng'ombe mwingine, na bucha ndiyo basi tena.

Alipiga simu. Iliita mpaka ikakata.

"Kwani Daktari yuko wapi?" alimuuliza mchinjaji. Mkaguzi aliitwa Edson, lakini senta nzima walimwita Daktari.

"Alipita mapema. Akagonga mihuri ya Sostenes, akaondoka."

"Sostenes kachinja leo?"

Mchinjaji aliinamia visu vyake. "Mama Vumilia, mimi nimechinja mmoja tu. Huyu wako."

Lusia akaelewa. Jana jioni Sostenes, mwenye mabucha matatu pale senta, alimfuata buchani kwake. Ng'ombe wake alikuwa ameanguka zizini, tumbo limevimba.

"Chukua paja moja, dada'angu. Bei nakuachia nusu. Muhuri usiwe na wasiwasi, Daktari ni mtu wetu."

"Amekufa na nini?"

"Amekufa na kufa. Ikishaungwa na pilipili, nani atauliza?"

"Mimi siuzi kibudu, kaka Sostenes."

"Haya," alisema Sostenes, bila hata kukasirika. "Kesho tutaona utauza nini."

Lusia aliyachukulia kuwa maneno ya mtu aliyekataliwa. Biashara asubuhi, husema watu, na sasa asubuhi ilikuwa inakwisha. Akamwachia mchinjaji khanga afukuze nzi, akaenda kumtafuta Edson. Ofisini kufuli. Nyumbani kwake wakasema katoka. Akakata kwa nyuma ya karasha, mashine ya kusaga mawe ya machimbo, vumbi likimjaa puani, akatokea kwenye bucha kubwa ya Sostenes.

Foleni ilifika barabarani. Asteria, mama ntilie aliyekuwa mteja wake wa kila siku, alikuwa anatoka na beseni kichwani.

"Asteria, hiyo usiipike. Nakuomba."

"Ina muhuri, Mama Vumilia." Asteria akashusha beseni, akageuza pande moja. Bluu ilikuwa pale kweli, juu ya nyama iliyokuwa nyeusi kwa damu isiyotoka. "Yako iko wapi?"

"Inakuja. Nisubiri kidogo tu."

"Mayo wane! Watu wanatoka shimoni na njaa, niwapikie subira?"

Hapo Lusia akashindwa kujizuia. Akapaza sauti mpaka foleni nzima ikageuka. "Jamani, ng'ombe huyu hakuchinjwa! Ni kibudu! Muulizeni mchinjaji!"

Sostenes hakuacha hata kupima. "Mwenye bucha tupu lazima aseme," alisema, na watu wakacheka.

"Ushindani huo, mama," mmoja akamwambia, kwa upole kabisa, akasogea mbele kuziba nafasi.

Alirudi machinjioni kwa hasira. Jua lilikuwa limeshapita utosini pikipiki ya Edson ilipoingia. Edson alishuka, akavaa koti jeupe, akabonyeza paja kwa kidole.

"Nyama hii imekaa tangu saa ngapi?"

"Tangu alfajiri. Inakusubiri wewe, Daktari."

"Sijauliza inamsubiri nani. Joto lote hili! Hii haifai. Inateketezwa."

"Kata popote, Daktari. Nusa. Tafadhali, nusa tu."

"Nikigonga muhuri, watu wakaugua, nitajibu mimi. Afya ya watu siyo mchezo, mama."

"Basi niwagawie watu bure."

"Nyama isiyokaguliwa haigawiwi."

Vijana wawili waliibeba mpaka kwenye shimo nyuma ya machinjio. Mchinjaji alileta dumu la mafuta ya taa, akaliweka chini, akaenda zake bila kumtazama mtu. Lusia alisimama ukingoni. Edson alifungua kizibo, kisha akasita.

"Kabla sijamwaga, nikatie steki hapo mgongoni. Kilo tatu hivi. Leo nina wageni nyumbani."

Lusia alimkodolea macho. "Ya Sostenes je? Si ina muhuri?"

"Ah, mama." Edson alicheka kidogo, akashusha sauti. "Mimi nina watoto."

Lusia alichukua kisu, akashuka shimoni. Hakujua mkono wake ungekwenda wapi. Ulikwenda mgongoni mwa dume, ukakata vizuri, kwa kufuata nyuzi, kama ulivyozoea. Akamrushia pande lile kifuani.

"Haya, na hiyo igonge muhuri," alisema. "Usije ukakamatwa njiani."

Alikusudia tusi. Edson aliitazama nyama, akatikisa kichwa kukubali.

"Kweli, ujue."

Akatoa muhuri mkobani, akaugandamiza kwenye mafuta meupe, akapuliza wino ukauke. Akaifunga nyama kwenye mfuko, akaining'iniza kwenye usukani. Halafu akarudi shimoni, akaliinua dumu na kumwaga polepole, akizunguka, akihakikisha hakuna pande lililobaki kavu.