Vidole vya Mpiga Gitaa

Mume wangu Seni hajawahi kufika hata Nairobi, lakini mwulize habari za Uingereza atakujibu kama mtu aliyeondoka huko jana na kusahau koti. Anajua ni mpiga ngoma gani amefanyiwa upasuaji wa nyonga, nani ameoa tena uzeeni, nani hasemeshani na nani. Tarehe ya kuzaliwa ya binti yake Jackline haijui. Nimeshamjaribu.

Bendi anayoiabudu inaitwa Tallow Kings. Ni wazee watupu, wenye suruali za kubana na nywele ambazo wangekuwa na wake wenye akili wangeshazikata. Mapenzi hayo yalianza Seni na mdogo wake Shimba walipokuwa vijana kule Ruhembe, mhandisi mmoja wa Kiingereza alipohama akawaachia sanduku la kaseti. Watu wazima wangerekodi kwaya juu ya kaseti hizo. Wao wakazitunza mpaka leo.

Kila Jumapili baada ya misa walikusanyika barazani kwangu, hapa Mabwerebwere. Shimba alikuja na pikipiki kutoka Mikumi, anakoendesha watalii mbugani. Wa tatu alikuwa Pastory kinyozi, ambaye cheo chake kundini ni kuwa na bando. Pastory alisoma habari kwenye simu, Shimba akatafsiri, Seni akatoa hukumu. Mimi nilitoa chai. Hakuna aliyewahi kuniuliza kama nami nina maoni, na ninayo: ule muziki ni kelele za mtu aliyebanwa na mlango.

Jumapili moja Pastory alisoma kwamba bendi imevunjika. Mwimbaji ameondoka na nusu ya wenzake, mpiga gitaa amebaki na nusu, na kila upande unajiita Tallow Kings.

"Bendi ni sauti," Seni akasema papo hapo. "Mwimbaji akishaondoka, waliobaki ni mafundi umeme tu."

"Bendi ni gitaa, kaka," Shimba akajibu. "Huyo mwimbaji wako siku hizi anaimba kama mbuzi mwenye mafua. Nyimbo zenyewe hakutunga yeye."

"Nani kasema?"

"Pastory, msomee."

Pastory alisoma kwa sauti ndogo, maana chai ilikuwa ya nyumba ya Seni lakini lifti ya kwenda Mikumi ilikuwa ya Shimba. Mwanaume mzima, ndevu zimeota, hana upande.

Sasa sikiliza upumbavu ulivyokua. Sisi ni Wasukuma, na kwetu ngoma huwa na pande mbili, Wagika na Wagalu. Siku ya mashindano pande hizo hucheza zikitazamana, na watu wakihamia kwa mwenzako umeshindwa. Ndiyo maana kila upande hujigamba kwamba una dawa ya kuvuta watu na ya kumlegeza mpinzani. Majigambo hayo ni sehemu ya mchezo. Unatukanwa, unacheka, unarudishia.

Seni akaamua kwamba Waingereza nao wamegawanyika hivyo hivyo. Alikata picha ya mpiga gitaa kwenye jarida la zamani, akaizungushia uzi wangu mweusi wa cherehani, akaitia kwenye kopo la dawa ya viatu na kuizika chini ya mlimao.

"Nimemfunga vidole," akatangaza. "Tuone atapiga nini."

Walicheka wote, Shimba akacheka kuliko wote. Kama yangeishia hapo nisingekuwa na hadithi.

Lakini haukupita muda mrefu, Pastory akasoma habari nyingine. Mpiga gitaa ameahirisha maonyesho yake yote. Mkono wa kushoto unamsumbua, vidole havikunji.

Shimba aliweka kikombe chini. "Kaka, umemfanya nini yule mzee?"

Mtu mwenye akili angesema, mdogo wangu, usiwe mjinga, yule mzee amepiga gitaa tangu hatujazaliwa, vidole vimechoka. Seni je? Seni alitabasamu. Alikaa pale, mtu aliyeshindwa kuwatoa mchwa kwenye kabati lake mwenyewe, akafurahi kudhaniwa kwamba amelemaza Mzungu ng'ambo ya bahari.

Shimba akainuka, akawasha pikipiki, akaapa kwamba hatakanyaga tena kwenye mji wa mchawi.

Mimi ningeshukuru kupata Jumapili ya utulivu. Lakini watu wa Ruhembe walikuwa wameshapanga siku ya kuja kumposa Jackline kwa ajili ya kijana wao Gabrieli, na kwa desturi yetu baba wa binti hakai kujadili mahari yeye mwenyewe. Ndugu yake ndiye husema kwa niaba yake, ndiye husogeza vile vijiti mkekani, kila kijiti ng'ombe. Seni hana ndugu mwingine. Na huyo ndugu alikuwa akizunguka Mikumi akisimulia kwamba kaka yake ni mchawi. Maneno ya Mikumi hayakawii kufika Ruhembe, na nani anataka kuoa kwenye ukoo wa wachawi?

Jackline alimpigia Shimba simu akilia. "Baba mdogo, njoo unisemee."

"Aifukue dawa kwanza," Shimba akasema.

Jackline akaenda kwa baba yake, akapiga magoti. "Baba, ifukue tu. Nenda Mikumi ukamwombe radhi."

"Nikiifukua nitakuwa nimekiri kwamba ni uchawi," Seni akamjibu. "Yeye akubali kwanza kwamba bendi ni sauti."

Binti yake yuko magotini, anamjibu hivyo. Siku ile nilimchukia mume wangu, sitasema uongo.

Siku ya wageni ilifika. Asubuhi nilikuwa jikoni na majirani nilipomsikia Seni akipiga kelele barazani, simu mkononi. Kabla sijatoka kuuliza, alikuwa ameshapanda pikipiki ya jirani na kutokomea. Nilidhani amefuata viti.

Wageni wakaja, wakaongozwa na mzee Nikolaus, baba mkubwa wa Gabrieli. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akaketi na kuangalia kiti cha msemaji wetu. Kilikuwa kitupu. Dakika zikapita, na Jackline alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba, uso umempauka.

"Mama Jackline," mzee akasema, "tumekuja kuongea na wanaume wa mji huu. Siwaoni. Na tumesikia habari za uchawi."

Nikaona wanaanza kuangaliana, nikajua wakiinuka hawarudi. Nilichukua jembe, nikaenda kwenye mlimao, nikachimba mbele yao. Nikafuta kopo kwa kanga, nikalifungua, nikampa mzee ile picha na uzi wake.

"Aliyerogwa ni huyu," nikasema. "Anakaa Uingereza. Kosa lake ni kupiga gitaa."

Mzee Nikolaus aliigeuza ile picha, akaisogeza mbali, akairudisha karibu. "Ni mwanamke?"

"Ni mzee mwenzako."

Alianza kucheka taratibu, kisha akavua kofia na kujipangusa machozi. Alikuwa Mgalu, akaniambia. Ujana wake aliwahi kuzika kofia ya mpinzani kwenye kichuguu, na mpinzani akamshinda vilevile. Halafu akanionyesha kile kiti. "Kaa basi, mama. Vijiti viko hapa."

Desturi yetu haimkalishi mama pale. Nilikaa. Vijiti nilivisogeza mimi, na sikuwa mpole. Tulipokubaliana, vigelegele vya jikoni vilisikika mpaka barabarani.

Wali ulikuwa umeshaliwa pikipiki ilipoingia uani. Shimba alikuwa anaendesha, Seni amemkumbatia kwa nyuma, wote wawili vumbi mpaka kwenye kope.

"Wamepatana!" Seni alipiga kelele kabla hata hajashuka. "Mwimbaji amemfuata mpiga gitaa hospitali, wameshikana mikono! Bendi inarudi!"

Walikuwa wamepata habari ile kwa Pastory asubuhi moja, kila mtu kwake, kila mmoja akapanda pikipiki kumfuata mwenzake. Walikutana njiani, wakaangua vilio mbele ya wauza ndizi, na pikipiki ya jirani wakawaachia hao waitunze. Seni alikuwa bado anasimulia alipowaona wageni. Akajikung'uta, akamsukuma Shimba kwenye kile kiti.

"Samahani sana wazee, msemaji wetu huyu hapa. Tunaweza kuanza."

"Tumeshamaliza," mzee Nikolaus akasema, akivaa kofia yake. "Tumeongea na mwenye mji."

Seni aliniangalia, akaangalia vijiti, akaliangalia lile kopo wazi mkekani. "Ng'ombe wangapi?" akauliza polepole.

"Muulize mpiga gitaa," nikamjibu.

Jackline alikuwa anapita na beseni la kunawia mikono. Alisimama mbele ya baba yake, akaliangalia lile vumbi, na michirizi ya machozi iliyokatiza mashavuni.

"Kumbe ulikuwa unaweza kusamehe, baba," akasema, kisha akaenda kuwanawisha wageni.