Pikapu Iliyoota Masale

Jumatatu ya pili ya Oktoba, saa tatu kasoro robo asubuhi, Aika aliketi kwenye kiti cha nyuma cha gari ambalo lenyewe halikuwepo, ndani ya gereji ya fundi Nurdin kule Majengo mjini, akawa anachambua maharage kwenye ungo. Alikuwa na miaka sitini na sita, na hakujua hata plagi inakaa wapi. Lakini mdogo wake Herbert, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Dar es Salaam, alimtuma amlinde fundi, kwa kuwa fundi asiyeangaliwa, alisema Herbert, huingiza gari zima na kutoa nusu. Nurdin hakukasirika. Alimwekea kiti kivulini akamletea na soda.

"Shikamoo mama. Leo umekuja kunilinda na maharage?"

"Marahaba. Maharage yana wadudu wachache kuliko mafundi."

Kilichokuwa kikijengwa ni pikapu ya marehemu baba yao, Mzee Melkior wa Kilema, kijiji cha mlimani. Ilikuwa Pijo 404 ya rangi ya maziwa, iliyobeba kahawa na mikungu ya ndizi miaka thelathini, kisha ikakaa miaka mingine kumi na minane chini ya migomba, kuku wakitaga kwenye kiti cha dereva. Herbert aliitaka ibaki vilevile kwa sura: taa zake za mviringo, bampa la kung'aa, hata pale kwenye mlango wa kushoto palipobonyea siku mzee alipogombana na mgomba. Ndani ndiko alikotaka mambo ya kisasa. Nurdin aling'oa injini ya zamani na kabureta yake, akatoa gia ya mkono na difu, akachomelea vishikio vipya, akaweka injini ya Krauni iliyopinduka barabarani ikiwa bado mpya, na gia otomatiki, na breki ambazo hazihitaji sala. Herbert alitaka kuipandisha Kilema Krismasi. Mchaga asipoonekana nyumbani Krismasi watu huuliza amefungwa jela gani, na Herbert alikuwa hajapanda miaka miwili.

Sasa, gari la namna hiyo halilali nje. Herbert alishaamua kulijengea banda la matofali lenye mlango wa kujikunja, na alishatuma mtu kupima. Banda lingekaa pale ilipokuwa nyumba ya Aika, kwenye kipande cha kahawa kilichopakana na mfongo, ule mfereji unaoleta maji kutoka juu mlimani. Aika angehamia chumba cha nyuma ya nyumba kubwa.

"Utakuwa karibu na choo, dada," alimwambia kwa simu, kwa upole kabisa.

Kwa hiyo Aika alikuwa anasimamia ujenzi wa kitu kitakachomhamisha. Jambo hilo lilimuuma na hakuficha. Alimweleza Nurdin siku ya kwanza tu. Nurdin alisema pole, kisha akaendelea kukaza nati, maana pole hailegezi nati.

Injini iliwashwa mara ya kwanza katikati ya Novemba. Ilinguruma kidogo tu, kwa heshima. Asubuhi yake Nurdin alimpigia Aika simu.

"Mama, gari limeota."

"Limeota nini?"

"Kitu cha kijani, kirefu. Kimetokea kwenye wavu wa mbele, kati ya taa. Nimekikata, vimerudi viwili. Nimempa mbuzi wa jirani, ameninunia."

Aika alishuka mjini na ungo wake. Alimkuta Nurdin amechomeka ile mashine yake ya kusomea hitilafu, na mashine ilikuwa imeandika kwamba gari halina kosa lolote. Nurdin alishakagua rejeta, akabadilisha maji, akafuata waya mmoja mmoja hadi taa za nyuma. Hakuona mzizi. Majani yalitoka kwenye chuma kitupu, membamba na yenye ncha, na kila moja lilikuwa limejifunga fundo katikati.

"Hilo ni isale," alisema Aika. "Usilikate tena."

Nurdin alizaliwa Majengo, na babu yake alikuja kutoka Kondoa, kwa hiyo masale kwake yalikuwa ua wa shamba tu. Aika alimweleza taratibu, huku akiendelea na maharage. Ni kweli masale hupandwa mpakani, na mpaka wa masale hausogezwi. Lakini jani lake lina kazi nyingine. Ukimkosea mtu kosa la kuonea aibu, unafunga jani la isale fundo, unampelekea. Aliyepelekewa hana ruhusa ya kukataa. Hata kama uliua ng'ombe wake, jani likishafika mlangoni, husamehe.

"Na hili linamwomba nani?"

Aika alipuliza makapi ya maharage kwanza.

"Mimi," alisema.

Mwaka sabini na sita bei ya kahawa ilipanda, na Mzee Melkior alitaka pikapu. Alimtoa Aika shule, alikuwa kidato cha pili, wa tatu darasani, akamweka kwenye mibuni. Alichuma, akamenya, akaosha, akaanika, misimu miwili. Siku pikapu ilipoletwa, mzee alimpandisha mbele, wawili peke yao, wakashuka nayo hadi Himo na kurudi. Njiani akamwambia: hii ni jasho lako, mwanangu, na kile kipande cha kando ya mfongo nimekupa, utajenga pale, ni chako. Aika alijenga. Mzee hakumwambia mtu mwingine neno hilo, kwa sababu binti hapewi kihamba, shamba la ukoo, na mzee aliogopa ndugu zake kuliko alivyomwogopa Mungu. Alipokufa, kihamba chote kiliandikwa kwa Herbert. Aika alipotaja ahadi, wazee walimuuliza shahidi ni nani. Shahidi alikuwa chini ya migomba, na kuku juu yake.

"Basi limeamua kusema," alisema Nurdin, akafunga boneti polepole ili asibane majani.

Herbert alipigiwa simu ya video akaonyeshwa. Alisogeza uso karibu, akaridhika.

"Acheni hivyohivyo. Dar nzima hakuna mwenye gari lenye majani yake. Ila fundi, yasizibe taa."

Aliwasili tarehe ishirini na tatu Desemba, akakuta pikapu inang'aa na majani kumi na moja mbele. Walipanda Kilema watatu: Herbert kwenye usukani, Nurdin katikati akisikilizia gia, Aika dirishani, palepale alipokaa mwaka ule. Injini ilipanda mlima bila kubadili sauti. Herbert alipiga honi kila alipoona mtu, na mahali pengine alipiga kabla ya kumwona.

Ukoo ulikuwa umeshakusanyika nyumbani. Pombe ya mbege ilikuwa tayari, machalari ya ndizi na nyama yako jikoni. Kwenye geti, njia ya nyumba kubwa hukata kulia. Herbert alikata kulia. Pikapu ilikata kushoto, ikapita kati ya mibuni bila kuvunja tawi, ikasimama mlangoni kwa Aika. Kisha springi za mbele zikashuka, kidogo kidogo, hadi bampa likagusa ardhi, na jani refu kuliko yote likalala kwenye kizingiti.

"Gia ipo sawa," alisema Nurdin. "Imepiga magoti tu."

Watu walikuja na vikombe vyao. Baba mdogo Kalisti, mwenye miaka themanini na saba, mdogo wa marehemu na mkubwa wa ukoo, aliletewa kiti. Aliliangalia jani, akaangalia fundo.

"Limefungwa vizuri," alisema. "Kaka alikuwa hajui kufunga hata kamba ya mbuzi."

Aika alishuka akasimama mlangoni kwake. Alieleza yote mbele ya ukoo, shule, kahawa, safari ya Himo, na kila alipofika kwenye jambo la kweli taa za pikapu ziliwaka na kuzima. Hakuna aliyembishia. Wazee waliotaka shahidi miaka ile waliitikia kwa kichwa wakakiri kwamba shahidi sasa yupo, na anaeleweka. Aika alifikiri, Mungu wangu, kumbe nimefika.

"Mama," alisema Kalisti, "jani limekufikia. Unajua desturi."

"Naijua, baba mdogo."

Aliinama, akaliokota. Pikapu ilinyanyuka ikasimama sawa. Wanawake walipiga vigelegele, na Herbert akafuta machozi, maana hakuwa mtu mbaya.

"Nimesamehe," alisema Aika. "Na kipande?"

"Kipande gani?"

"Hiki tulichosimama juu yake."

Kalisti alimaliza kwanza nusu kikombe.

"Jani linaomba msamaha, mama. Haliombi shamba."

"Tena gari ni langu," aliongeza Herbert akimshika dada yake bega, "kwa hiyo na jani ni kama nimelileta mimi. Yameisha, dada. Nimefurahi sana yameisha." Akamgeukia Nurdin akamwonyesha kwa hatua ukubwa wa msingi, kuanzia kizingitini. Nurdin hakumtazama Aika. Aliuliza kama mlango utajikunja kwa juu au kwa pembeni.

Banda lilikamilika mwezi wa tatu, zuri, sakafu yake ya vigae. Herbert alirudi Dar, akamwachia Aika ufunguo, kwa sababu gari linahitaji mtu wa kuliwasha. Aika anakaa chumba cha nyuma, na ni kweli ni karibu na choo. Kila asubuhi hufungua mlango wa kujikunja, na kila asubuhi pikapu imepiga magoti, jani jipya mbele, fundo katikati.

"Nilikusamehe jana," humwambia baba yake, au gari, kisha hulipokea, maana halikataliwi.

Hayatupi majani hayo. Huyachomeka ardhini kuanzia ukingo wa mfongo, akifuata mstari alioonyeshwa kupitia dirisha la pikapu siku ya safari ya Himo, na yote yanashika. Sasa yamezunguka kipande kizima, banda likiwa katikati. Kijiji kinajua ua huo maana yake nini, na wapita njia husalimia upande ule kwa adabu. Hati bado ina jina la Herbert.

Pasaka ya mwaka uliofuata Herbert alikuja, akausifu ua, akapiga picha akiwa ameegemea boneti. Aika alisimama kando na jani la asubuhi ile mkononi. Alisubiri kidogo kuona kama mdogo wake naye atainama kuchuma moja amletee. Herbert alimwomba asogee, anaingia kwenye picha.